Ndiyo Moja ya Bwana Elieza

Kilosa, usiku

Mwanangu Danieli,

Tumesalimiana mezani jioni hii na afya yangu unaijua, kwa hiyo naruka yale ya mimi mzima, hofu kwako. Mambo ya blanketi, vidonge vya malaria na kutokopeshana fedha na wenzako, shangazi yako amekuhubiria siku tatu mfululizo hadi kuku wa jirani wamekariri. Mimi sitaongeza neno. Barua hii nimeiweka juu ya mikate kwenye kikapu kwa sababu nakufahamu: basi likishatoka Kilosa tu utaanza kutafuna, na kabla ya kufika kijiji cha Ulaya utakuwa umeiona. Isome yote kabla hujashuka Mikumi kusubiri basi la Mbeya. Nitakwambia kwa nini.

Wiki ijayo unakuwa bwana shamba wa serikali. Huko wenzako watakuonyesha mbegu, mbolea, na mwenyekiti gani mkali. Hakuna atakayekaa chini akueleze fomu ya madai ya safari, na fomu hiyo ndiyo iliyokulea. Umeila, umeivaa, umesomea vitabu vyake. Bati linalonyeshewa juu ya kichwa chako sasa hivi ninapoandika ni la fomu hiyo.

Sheria yenyewe ni rahisi. Mtumishi akilala nje ya kituo chake cha kazi, serikali inamrudishia alichotumia: posho ya usiku, nauli, na kama amekwenda kwa baiskeli yake mwenyewe, kitu kidogo kwa kila maili. Lakini kama huko alikokwenda amelishwa na kulazwa na wenyeji, analipwa robo tu ya posho, maana serikali hairudishi gharama ya ugali ambao mtu hakuununua. Kwa hiyo kwenye fomu kuna swali: Je, ulikaribishwa? Unajibu Ndiyo au Hapana. Ukiandika Hapana unaambatanisha stakabadhi ya mahali ulipolala. Ukiandika Ndiyo huambatanishi kitu, unataja tu jina la mwenyeji wako.

Aliyetunga swali hilo nadhani hakuwahi kulala kijijini kwetu. Tindiga utalala wapi kwa kulipa? Afisa hajafunga mlango wa gari, mtoto ameshatumwa kukimbiza kuku. Kwa haki, kila fomu iliyofika mezani kwangu ingeandikwa Ndiyo. Miaka yote niliyokuwa karani wa malipo, za maafisa zilikuja zimeandikwa Hapana, na zote zilikuwa na stakabadhi, kwa sababu kitabu cha stakabadhi nilikuwa nacho mimi. Kilikaa droo ya chini, kimepigwa chapa jina la nyumba ya wageni ambayo mpaka leo haijachimbwa hata msingi. Afisa alikuja, akanisalimia kwa upole kuliko anavyomsalimia mkewe, akachukua karatasi yake, akaniachia kilicho changu.

Usijaribu kunitetea kwa njaa. Baba yako alikuwa amekufa, ndiyo, na wewe ulikuwa huna hata meno ya mbele, lakini mshahara wangu ulitosha mchele na sare ya shule. Mimi nilitaka bati. Nilitaka wanawake wakinipita kwenye foleni ya sukari waseme, yule Perisi, mjane yule, usimwone hivyo. Nilitaka sana.

Na tena nilipenda kukataa. Hili sijamwambia mtu. Wale wasionunua karatasi kwangu niliwashika kwa sheria hadi wakatoa machozi. Palikuwa na tarishi mmoja, mzee, aliyetumwa Ulaya kupeleka barua. Ulaya yetu hii ya mihogo, si ile ya wazungu. Akarudi na fomu isiyo na muhuri wa kijiji, ambao matarishi tu ndio waliodaiwa, kwa sababu kijiji kilikuwa kimehamishwa juzijuzi na muhuri haujafika. Nikamwambia, "Mzee, sheria inasema muhuri." Akaniambia, "Mwanangu, muhuri hawana." Nikamrudishia fomu. Alikwenda tena kwa miguu, akakaa huko hadi siku ya soko mwenyekiti alipopatikana, akarudi na barua ya mkono yenye alama ya dole gumba. Nikamwambia dole gumba si muhuri. Alipotoka nilifungua chupa ya chai nikanywa, na ile chai ilikuwa tamu. Sikuwa nimekosea kitu kwenye sheria, ndiyo maana nilifurahi vile.

Sasa nakuja kwa mtu unayemjua.

Elieza alihamishiwa ofisini kwetu kutoka kule milimani tulikozaliwa. Tulisoma naye shule ya misheni, yeye akiwa mbele yangu madarasa mawili, na alikuwa mtu wa kufundisha watoto Jumapili na kuimba sauti ya nne vibaya bila haya. Alikuja kama bwana shamba, kazi hii hii unayoiendea. Safari yake ya kwanza alikwenda Tindiga kwa baiskeli, na fomu yake ilipofika mezani nilidhani macho yangu yana ugonjwa. Je, ulikaribishwa? Ndiyo. Na kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi, akaongeza kwa mwandiko wa shule: "Nyumbani kwa Mzee Ramadhani. Wali na kuku. Mzee alinipa kitanda chake, yeye akalala mkekani. Tumshukuru."

Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikamwita.

"Kaka Elieza, hii utalipwa robo."

"Najua, dada."

"Wenzako wote wanaandika Hapana. Karatasi ya kuambatanisha ninayo hapa."

Akaiangalia fomu kama mtu anayetafuta kosa la hesabu. "Lakini nilikula, dada Perisi. Mama wa watu alichinja kuku aliyekuwa akitaga. Nikiandika sikukaribishwa, si nitakuwa nimemtukana?"

Hakunihubiria. Angenihubiria ningemsamehe. Alisema vile, akaomba kalamu yake, akatoka. Nikamlipa robo, na miezi iliyofuata niliendelea kumlipa robo, tena kwa kumchelewesha, na kila fomu yake ilikuwa na shukrani pale chini: mihogo ya fulani, maziwa ya fulani. Nilizichukia shukrani zile. Zilinifanya nijione mezani pangu kama mtu aliyekamatwa akila kwenye sufuria.

Ndipo kikatokea kilichotokea. Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini. Maafisa watano walipanda gari moja la serikali kwenda Tindiga kupima viwanja, Elieza akiwa mmoja wao. Walilala usiku mmoja kwenye nyumba moja ya Mzee Ramadhani, wakala sinia moja. Waliporudi nikapata fomu nne za Hapana, kila moja na stakabadhi yangu safi, na moja ya Ndiyo. Ningekuwa mtu wa akili ningeichana ile moja. Niliilipa robo kama kawaida, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kufurahia.

Mwezi haujaisha akaja mkaguzi kutoka mkoani, kijana wa suti ya Kaunda na kalamu tatu kifuani. Akazipanga fomu tano mezani kama karata.

"Gari moja, usiku mmoja, kijiji kimoja," akasema. "Wanne hawakukaribishwa, mmoja kakaribishwa. Mama, nani muongo?"

Danieli, nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Katika pumzi hiyo niliona bati, nikakuona wewe na daftari zako, nikaona jela. Nikasikia sauti yangu, tulivu kabisa, ikisema, "Ndugu mkaguzi, anayeandika Hapana lazima alete stakabadhi. Anayeandika Ndiyo haleti kitu. Mtu ambaye hakwenda safari kabisa ataandika nini?"

Mkaguzi akatabasamu. Akanisifu, akasema ofisi ingekuwa na makarani watatu kama mimi, yeye angelala mchana. Wale wanne walipoulizwa wakasema Elieza waliachana naye njiani, hawakumwona tena. Walikuwa hawana jibu jingine.

Likabaki la kumuuliza mwenyeji. Tukaenda Tindiga, mkaguzi, Elieza, na mimi nikiwa mwandishi wa kikao. Mzee Ramadhani aliletwa kwenye darasa la shule mpya, akakalishwa kwenye dawati la mtoto, magoti yakiwa kifuani. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imebomolewa wakati wa kuhama, ile ile aliyowalaza maafisa, na alikuwa akituangalia kama mtu anayengoja kuambiwa ahame tena. Unakumbuka wakati ule redio ilivyokuwa ikisema kila asubuhi kwamba kiongozi anayekula jasho la mkulima ni mnyonyaji na atachukuliwa hatua. Mzee alikuwa amelisikia hilo, kijiji kizima kililisikia.

Mkaguzi akamuuliza, "Mzee, ndugu huyu alilala kwako? Mlimlisha?"

Mzee akamtazama Elieza, akatazama zile kalamu tatu. Nilimwona akielewa, ila alielewa vingine kabisa: alidhani tumekuja kumshitaki Elieza kwa kula kuku wa maskini. Na hata bila hofu hiyo, mwanangu, wewe umewahi kumsikia mzee wa huku akihesabu mbele za watu alichomlisha mgeni? Aibu hiyo ataiweka wapi?

"Hatukumpa kitu, bwana mkubwa," akasema. "Hata maji hakunywa kwetu. Ni mtu mwema huyu, hajala cha mtu."

Nikaandika. Sikuongeza nukta wala sikupunguza. Mkaguzi akamgeukia Elieza. "Una la kusema?"

Elieza akamtazama yule mzee aliyekunjwa dawatini. Kisha akasema, "Mzee ameshasema. Mimi siwezi kumfanya mzee muongo kijijini kwake." Nikaandika na hilo.

Mkaguzi akanigeukia kwa sauti ya chini. "Mama, wewe ni wa huku. Ndivyo wanavyosema kweli, au kuna kitu sikielewi?"

Nilikuwa nimeketi karibu kiasi cha kusikia mzee akipumua. Neno moja lingetosha. Ningesema, huyu anamkinga, wenyeji wa huku ndivyo walivyo. Nikasema, "Ameeleza mwenyewe, ndugu mkaguzi."

Tulipokuwa tukipanda gari, Mzee Ramadhani alinifuata kwa mwendo wa haraka, akainama dirishani. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Mama karani," akaninong'oneza, "nimemwokoa mwanetu, au siyo?"

Nikamwambia, "Umemwokoa, mzee."

Akacheka kwa furaha, akanipa papai. Papai hilo ulilila wewe.

Usiku ule mkaguzi alilala kwa mkuu wetu wa idara, akala mbuzi. Asubuhi alipita ofisini kwangu akaniomba, kwa adabu, karatasi moja ya nyumba ya wageni ya kuambatanisha na madai yake. Nikampa bure.

Elieza alifukuzwa kwa kudanganya safari, bila kiinua mgongo. Mkewe alirudi kwao milimani na watoto, wakwe walimchukua kwa sababu ya lile neno mwizi, na hawajamrudisha. Alihamia Mikumi, pale nyuma ya kituo cha mabasi, anafyatua matofali. Mimi nilipandishwa cheo.

Hapo ungeweza kusema mama alianguka mara moja kwa woga. Ngoja basi. Nilikulea kwa jina la Elieza. Ulipochukua sukari kwenye kopo nilikwambia, unataka kuwa kama Elieza? Ulipodanganya shuleni nilikwambia, ndivyo alivyoanza yule wa matofali. Nilikuwa nahitaji mtu mmoja nyumbani aamini, nami nimwamini yeye. Ukaamini vizuri sana. Nakumbuka ulivyorudi kutoka Mikumi kwenye ile safari ya shule, umejaa vumbi na ushujaa, ukasema, "Mama, nimemwona yule mwizi. Nimempita bila shikamoo. Akaniita yeye: hujambo baba, mama hajambo?" Mtoto wa huku, kumpita mtu mzima bila shikamoo! Mwingine angekuchapa. Mimi nilicheka, nikakuongezea nyama.

Mwaka jana nilitumwa Mikumi kwa kazi ya hesabu za kijiji. Nilikwenda nimejiandaa kumwambia. Nilimkuta ana matope hadi kwenye viwiko, mvi zimejaa, akanawa haraka kama amefikiwa na askofu.

"Karibu, dada Perisi. Pole na safari. Danieli hajambo? Nasikia anasomea kilimo."

Nilisema hajambo. Nilisema ndiyo, anasoma. Akaenda kwa jirani, na nilisikia wakinong'onezana kuhusu kulipa kwa matofali, kisha kuku akalia, kisha akanyamaza. Nilikula paja. Nilinyonya na mifupa. Nilikuwa nimefika na maneno yangu yote, na kila nilipofungua kinywa, yeye alidhani nataka mchuzi. Nililala kitandani kwake, naye nje kwenye tanuru, akisema ni joto huko, hana shida. Asubuhi alinisindikiza, akabeba mfuko wangu.

Nilipofika Kilosa nilijaza fomu yangu ya safari. Je, ulikaribishwa? Niliandika Hapana, nikaambatanisha stakabadhi, nikalipwa posho kamili. Viatu ulivyovaa sasa hivi unavyosoma vilitoka kwenye posho hiyo, kwa hiyo usivitupe dirishani. Kuvitupa hakumrudishii mtu kuku wake.

Nimejiuliza nikupe funzo gani uondoke nalo, na kila ninalolishika linaniangukia. Niseme uwe mkweli kwenye fomu zako? Umeona mkweli nilimfanya nini. Niseme uwe mjanja? Umeona mjanja analala vipi: analala vizuri, Danieli. Watu watakwambia mwenye dhambi hapati usingizi. Mimi nimelala kila usiku isipokuwa huu, na huu ni kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Ninachokijua ni kidogo. Ubaya haukunijia na pembe. Ulinijia na sheria mkononi, ukiwa na haki kabisa, na ukanifurahisha. Siku utakapoona unamkatalia mtu kitu na moyo wako umechangamka, simama hapo ujitazame. Mimi sikusimama.

Chini ya mikate kuna bahasha ya kaki. Ndani yake nimeandika yote haya kwa lugha ya ofisi, nimetia sahihi na jina langu kamili, na nimeambatanisha vishina vya kile kitabu cha stakabadhi. Ukimpa Bwana Elieza, naye akaipeleka mkoani, atarudishiwa jina lake na kiinua mgongo, na labda wakwe watamrudishia mkewe. Mimi nitakwenda jela. Nyumba hii itauzwa. Na wewe, ukiwa bado kwenye miezi ya majaribio, watakuuliza karo yako ililipwa na nini.

Utauliza kwa nini sikuipeleka mwenyewe, na posta iko nyuma ya nyumba. Niliipeleka mara mbili, nikarudi nayo mara mbili. Mimi ni mwoga, na uzee hauniponyi. Kwa hiyo nakutwika wewe, mtoto wangu wa pekee, siku ya kwanza ya maisha yako, kazi ya kumfunga mama yako au kumzika mtu wa watu mara ya pili. Najua ni ukatili. Kama kuna namna nyingine ya kukuaga, mimi sikufundishwa.

Pale Mikumi utasubiri basi la Mbeya muda wa kutosha. Tanuru lake liko nyuma ya kituo, utaliona kwa moshi. Ukienda, anza na shikamoo.

Sitakuja kituoni asubuhi. Nitajifanya nina homa, nawe utajifanya umeamini. Nitakaa hapa na kungoja. Wakija askari mlangoni nitajua ulishuka kwenda kwake, na nitawakaribisha chai. Wasipokuja, wiki ikapita na mwezi ukapita, basi nitajua umesoma yote haya, ukakunja barua, ukamaliza mkate, ukapanda basi lako. Nitajua nimekulea kama nilivyokusudia, na kwamba wewe ni wangu mimi, wala hakuna wa kumlaumu.

Mama yako,
Perisi